Buku, Laki, Trilioni

Kuna sentensi moja ambayo hapa chuoni utaisikia karibu kila wiki: "Mimi na hesabu tuliachana form two." Inasemwa kwa kicheko, na anayeisema si mjinga. Ni mtu anayechambua riwaya vizuri au anayejenga hoja ya sheria ukashangaa. Ila mazungumzo yakifika kwenye mabilioni, ananyamaza. Na ukinyamaza, kuna wa kukusemea.

Muhula uliopita bwenini kwetu kulizuka mjadala: posho ya chakula na malazi iongezwe buku mbili kwa siku. Mmoja akasema, "Jamani, buku mbili ni nini kwa serikali yenye matrilioni?" Jamaa wa uchumi akamjibu, "Acha utani mwanangu, unataka nchi ifilisike?" Tulibishana karibu saa nzima, na hakuna aliyepiga hesabu hata moja.

Nikageuza karatasi ya semina nikaandika upande wa pili. Tuseme wanufaika ni laki mbili, na siku za masomo ni 240 kwa mwaka. Ukizidisha na masifuri yote, utapotea njiani. Kwa umbo la kisayansi, unaandika namba inayoanzia 1 na isiyofika 10, halafu mara kumi yenye kipeo:

(2 × 10³) × (2 × 10⁵) × (2.4 × 10²)

Namba za mbele unazizidisha: 2 × 2 × 2.4 ni 9.6. Vipeo unavijumlisha: 3 + 5 + 2 ni 10. Kwa nini kujumlisha? Kwa sababu 10³ ni kumi tatu zilizozidishwa, na 10² ni kumi mbili. Ukizipanga mstari mmoja zinakuwa kumi tano. Hakuna uchawi. Jibu letu ni 9.6 × 10¹⁰, yaani shilingi bilioni 96 kwa mwaka.

Ni nyingi au kidogo? Bajeti ya Taifa ya 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49, yaani 5.649 × 10¹³. Tukigawanya, vipeo tunavitoa: 10 − 13 ni −3. Inakuja kama 1.7 × 10⁻³. Katika kila shilingi 1,000 za bajeti, haifiki hata shilingi mbili.

"Si nilisema!" akaruka yule wa kwanza.

Jamaa wa uchumi akaomba kalamu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kama 6.17 × 10⁷. Akagawanya 9.6 × 10¹⁰ kwa hiyo, akapata kama 1.56 × 10³. "Buku jero na chenji," akasema, "kwa kila Mtanzania, kila mwaka. Mtoto mchanga yumo. Bibi yako wa kijijini naye yumo. Umemuuliza?"

Chumba kikatulia. Mjadala haukuisha, ila ulibadilika. Sasa tulikuwa tunaulizana kama ni haki bibi achangie buku jero ili mjukuu wa mtu mwingine ale mchana, na bibi mwenyewe atarudishiwa nini. Kwangu mimi hilo ndilo swali lenyewe, na kwa kelele tusingelifikia.

Tatizo ni kwamba milioni, bilioni na trilioni zinafanana masikioni. Zigeuze ziwe sekunde uone. Sekunde milioni ni siku 11 na nusu hivi. Sekunde bilioni ni zaidi ya miaka 31, wengi wetu hatujazifikisha. Sekunde trilioni ni zaidi ya miaka 31,000. Kila hatua ni 10³, lakini ulimi unapita tu kana kwamba ni ngazi moja ya kibarazani.

Na msiniambie vipeo ni vigumu. Mtaani tunavitumia kila siku: buku ni 10³, msimbazi ni 10⁴, laki ni 10⁵. Anayejua kwamba misimbazi kumi ni laki ameshajumlisha 4 na 1 bila kuambiwa.

Kampeni za serikali ya wanafunzi zinakuja. Mgombea akisimama na kusema "mamilioni yametumika", usipige makofi wala usizomee kwanza. Muulize: kumi kwa kipeo cha ngapi, na ukigawanya kwa idadi yetu, ni shilingi ngapi kwa kichwa?