Kiko cha Mwonja Chai

Katika nchi ya chai, kutoka Kericho hata Bomet, wavutao kiko si wengi. Wazee wa zamani walipendelea ugoro wa kutia kipembeni, na vijana wakashika sigara. Lakini yuko mzee mmoja upande wa Bomet, aliyekuwa mwonja katika kiwanda cha chai kwa miaka mingi, ambaye raha yake kubwa ya jioni ni kiko.

Kazi ya mwonja ina ajabu yake, maana ulimi wake hulipwa mshahara lakini hauruhusiwi kufurahi. Vikombe vyeupe hupangwa safu mezani. Kila kimoja hutiwa majani gramu mbili tatu hivi na maji yanayochemka, kikafunikwa dakika 5 au 6. Ndipo hupita na kijiko, akivuta chai kwa kishindo ambacho nyumbani kingemwaibisha mama yake, akaitema, akaenda cha pili. Akihisi harufu ya kuungua hana budi kusema, kwani wanunuzi wa mnada wa Mombasa nao wana ndimi zao, na bei ikishuka, bonasi ya mkulima hushuka pia, hata kama alichuma majani mawili na chipukizi bila kosa.

Tena chai kavu hunyonya harufu upesi kuliko nguo. Kwa hiyo tumbako ilikuwa mwiko kiwandani, na mzee huyu alikiwasha kiko chake Jumamosi jioni tu, kazi ikiisha. Alipostaafu ndipo Jumamosi zikawa saba kwa juma.

Tumbako aipendayo ni mchanganyiko wa aina mbili, Virginia na ya Kituruki, wala haikutiwa asali wala manukato. Virginia watu wa huku wanaijua, maana hulimwa Migori, mbele ya Kisii. Majani yake hukaushwa bandani kwa joto lipitalo ndani ya mabomba, moshi usiyaguse, nayo hugeuka manjano huku sukari yake ikibaki. (Kuni zinazoliwa na mabanda hayo ni habari nyingine, tena ya kusikitisha.) Ile ya Kituruki, ya pande za Uturuki na Ugiriki, ina majani madogo yanayokaushwa juani, sukari yake ni kidogo, harufu yake nyingi.

Mzee huipima kama chai. Virginia peke yake, asema, ni kikombe kilichozidi sukari, na mtu akiivuta kwa pupa humchoma ulimi. Ya Kituruki peke yake ni chai ya rangi iliyokaa mno. Zikichanganywa, utamu wa nyasi kavu hutangulia, kisha huja uchachu mdogo wenye harufu ya viungo, nao hukaa kinywani. Hujaza kiko bila kukandamiza sana, akavuta polepole, pumzi chache, akakiacha karibu kizimike.

Mwaka jana daktari aliona alama nyeupe kando ya ulimi wake. Akamweleza ya kuwa moshi wa kiko, hata usipomezwa, waweza kuleta saratani ya kinywa, na ya kuwa dawa ni kuacha kabisa. Mzee alijibu kwamba atapunguza. Daktari hakusema kupunguza, na hapo haki ni ya daktari. Mkewe alimwambia neno moja tu: "Mzee, ulimi huo ndio uliosomesha watoto wetu."

Sasa amerudi kwenye Jumamosi. Tarehe ya kupimwa tena imeandikwa kwenye kadi ya hospitali, na mama ameitia kadi hiyo ndani ya kopo, juu ya tumbako, ili asiifikie bila kuisoma.