Mwanza: Upepo wa ziwa usimeze sauti ya bibi

Jijini Mwanza, maharusi hupenda kupiga picha ufukweni, Jiwe la Bismarck likionekana nyuma yao. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka Ziwa Victoria na kugonga simu inayorekodi. Picha hutoka safi, lakini nasaha za bibi husikika kama mvumo tu.

Dawa yake ni rahisi. Anayerekodi video aupe upepo mgongo. Simu ya pili, iliyotolewa laini ili isiite, irekodi sauti pekee ikiwa karibu na mzungumzaji, mbali na spika za muziki. Kofi moja mwanzoni litasaidia baadaye kuoanisha sauti na picha.

Keki huweza kuokwa nyingine. Sauti ya bibi haina nyingine.