Ushanga wa Shambani kwa Bibi

Nilipokwenda Kibiti kumsalimia bibi, aliniwekea kiganjani ushanga mmoja wa kioo, mdogo kama punje ya mtama, rangi ya kijani. Aliuokota akipalilia mihogo.

"Kaa nao, mjukuu wangu. Wewe ndiye msomi."

Msomi nikausugua kwa sabuni mpaka ukang'aa, wala sikuuliza ulikuwa sehemu gani ya shamba.

Nilishaanza kuota. Huku huku Kibiti, eneo la Mkukutu, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimbua shanga ambazo mwaka 1999 aliandika kuwa ni za Kirumi. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kuhusu safari za bahari hii, kinataja vioo kati ya bidhaa zilizoletwa pwani yetu. Kwa nini wangu usiwe mmoja wao?

Nikanunua lenzi. Ushanga uliozungushwa kwenye kijiti, vipovu vyake hulizunguka tundu. Uliokatwa kutoka kwenye mrija wa kioo uliovutwa, vipovu hufuata urefu wa tundu. Wangu ni wa mrija. Lakini Wahindi wamevuta mirija hiyo kwa zaidi ya miaka 2,000, na Venice nao wakaja kuvuta yao. Maabara ingeweza kupima kioo na kusema kimetokana na magadi au majivu ya mimea. Hata hivyo, mwanaakiolojia huanza na udongo: tabaka gani, vigae gani pembeni. Huo mimi niliuosha kwenye sinki.

Mjomba alitaka bei tu. Nikamwambia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863.

"Kwa hiyo ukiwa wa kale si wetu, na ukiwa wa juzi hauna bei?"

Nikakosa jibu. Nikarudi kwa bibi, nikamwomba anionyeshe mahali hasa. Akazungusha mkono shamba zima. Kisha akauchukua, akautazama kwenye mwanga.

"Pengine ni wa utunda wa mama yako. Ulimkatikia akicheza huku, tukaokota tukachoka."

Mama alifariki nikiwa na miaka minane. Wiki nzima nilikuwa nikiuombea ushanga ule uwe na miaka 2,000. Siku ile, kwenye basi la kurudi Dar, nikajikuta naombea uwe na hamsini tu.

Upo kwenye kiboksi cha kiberiti. Juu nimeandika: Kibiti, shamba la bibi, umri haujulikani.