Ncha ya Bisibisi ya Ami

Msumari tumeupata kwa Waarabu, parafujo tumeipata kwa Wareno, na seremala wa mwambao amevitia vyote viwili katika kapu moja bila ya kuviuliza nasaba. Msumari hauna makuu; ukikosa nyundo, hata jiwe litaufaa. Parafujo ni mwana wa watu. Ina mfereji kichwani, na mfereji huo unataka ncha iliyo sawa nao kwa upana na kwa unene. Ncha ikiwa nyembamba hucheza, ikiwa pana hukwaruza ubao, na ikiwa imelika pembe hupanda, ikaruka, ikaacha kovu juu ya shaba.

Haya aliyasema ami yangu tangu mimi mtoto, nami niliyachukulia kuwa ni maneno ya ufundi, kama vile watoto wa wavuvi wanavyosikia majina ya pepo. Uzito wake niliuona baadaye sana, siku ncha ya mwisho ya bisibisi yake ilipokatika shinani naye ana kasha la bibi harusi mkononi, bawaba hazijatiwa, na harusi imebakia wiki tano.

Mpenzi msomaji atasema: bisibisi ni shilingi ngapi? Lakini ami wakati huo alikuwa keshapindukia miaka sabini, na baridi yabisi ilikuwa imemshika vifundo vya mikono. Nguvu za kusukuma alikuwa nazo; kuzungusha ndiko kulikomshinda. Kikombe cha chai alikigeuza kwa mikono miwili. Kilichomweka karakanani ni bisibisi moja ya kusukuma, aliyoinunua mkononi kwa seremala mwenziwe zamani, ambayo sote nyumbani tukiiita Yanki.

Jina hilo si la utani. Limepigwa chapa juu ya chuma chenyewe: Yankee, namba 131, kazi ya North Brothers wa Philadelphia, Marekani, kampuni ambayo mwaka 1946 ilinunuliwa na Stanley. Mti wake wa chuma umechongwa mifereji miwili ya msokoto inayopishana, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Ukiusukuma mpini, ncha huzunguka yenyewe; ukiulegeza, springi iliyomo ndani huurudisha mpini juu. Ubavuni pana kitufe cha kutelezesha chenye vituo vitatu: cha kukaza, cha kulegeza, na cha kufunga kabisa ili itumike kama bisibisi nyingine yoyote. Kwa mtu asiyeweza kuzungusha kifundo cha mkono, chombo hiki ni mkono wa pili. Na mkono huo sasa ulikuwa hauna kidole.

Ncha za siku hizi zote zina shina la pande sita, upana wake robo ya inchi, yaani milimita 6.35. Ziko Darajani kwa mapakiti, rangi zote, na bei yake ni ya kununulia maandazi. Shina la Yankee ni la mviringo. Mwisho wake limenyolewa upande mmoja ili lisizunguke peke yake, na limekatwa pengo dogo la kushikwa na kilimi cha ndani ili lisichomoke. Tena zilikuwapo saizi tatu, kila moja kwa bisibisi zake: 7/32, 9/32 na 5/16 ya inchi. Ya ami ni hiyo kubwa.

Nilizunguka. Muuzaji mmoja wa vyuma aliipokea kwa mikono miwili, akaisukuma mara tatu kwa furaha ya kitoto, kisha akaniambia, "Kaka, hii ya makumbusho. Mchukulie mzee ya betri." Ya betri tulimjaribishia. Uzito wake ulimwangusha mkono, na kasi yake ilikata kichwa cha parafujo ya shaba kabla hajaachia kidole. Shaba ni laini, haitaki haraka. Katika duka moja la vitu vya kale, Mji Mkongwe, nilipewa bei nzuri ya kuiuza kama ilivyo, bila ncha, ipate kutundikwa ukutani. Sikumweleza ami. Kwa mtu anayekitumia chombo, kuambiwa kuwa chombo chake ni pambo ni kama kusomewa tanzia yako ungali hai.

Dar es Salaam, Gerezani, niliona mwanga. Katika kopo la mafuta lililojaa vyuma vya kila namna palikuwa na ncha moja yenye pengo lile lile na unyoaji ule ule. Nilivuka nayo bahari nimeishika mfukoni njia nzima. Ami aliitia, akaigeuza Yanki chini, ncha ikadondoka juu ya meza. Ilikuwa ya 9/32.

"Hii ni dada yake," akasema, akaitia katika mkebe. Hakitupwi kitu pale.

Ndipo tukaenda kwa fundi wa kukereza, Mwanakwerekwe, kijana mwenye mashine iliyomzidi umri. Nilimchorea picha kwa vipimo vya inchi. Aliitazama, akahesabu, akakereza milimita 8 kamili, kwani milimita ndizo alizofundishiwa. Haikuingia. Sehemu 5 za 16 za inchi ni milimita 7.94, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko unene wa karatasi ya daftari.

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kufafanuliwa jambo la namna hii. Wameuona mshororo wenye mizani 16 bila ya upungufu, kina cha kati kipo, cha mwisho kipo, na bado kuna neno moja lililogoma kuketi, na mtunzi anajua kuwa kulisukuma kwa nguvu kutapasua ubeti mzima. Ami hakulisukuma. Alichukua msasa, akaukunja juu ya shina, akawa anasugua na kujaribu, anasugua na kujaribu, mpaka likateleza na kilimi kikasema "ta".

Lakini ncha hiyo ya kwanza ilivunjika kama kigae kwenye parafujo ya nne. Kijana alikuwa ameipasha moto hadi ikawa nyekundu na sumaku ikakataa kuishika, akaizamisha katika mafuta, na akaishia hapo. Chuma cha pua kikizimwa namna hiyo huwa kigumu sana, na ugumu huo ndio udhaifu wake. Ami alikuwa akizinoa na kuzizima patasi zake mwenyewe kabla kijana hajazaliwa. Alimwomba kiti, akakaa kando ya moto, na ncha ya pili ikafanywa mbele yake. Ilipotoka katika mafuta aliing'arisha kwa msasa, kisha ikapashwa tena taratibu kutoka upande wa shina, naye akiitazama rangi inavyotambaa kuelekea nchani: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau. "Manjano ni ya patasi," alimwambia. "Bisibisi ingoje, mwanangu, ingoje zambarau iingie buluu. Haya sasa." Ikazimwa.

Hakumruhusu pia kuichonga kama kabari, ingawa zinazouzwa nyingi zina umbo hilo. Kabari ndani ya mfereji hutafuta njia ya kupanda. Pande mbili za mwisho zilipigwa tupa ziende sambamba, mpaka ncha ikajaa mfereji wa parafujo kutoka ukuta hadi ukuta.

Kasha likaisha kwa wakati. Kila tundu alilitia kwanza parafujo ya chuma ya saizi ile ile ili ifungue njia, akaitoa, kisha akaweka ya shaba iliyopakwa nta ya mshumaa. Niliketi mlangoni nikisikiliza: sukuma, rudi, sukuma, rudi. Mifereji yote ya vichwa aliielekeza upande mmoja, jambo ambalo hakuna bibi harusi atakayelitazama.

Baadaye binamu yangu aliyeko London alituletea kiungo kidogo kinachouzwa huko kwa ajili ya Yankee: shina la mviringo upande mmoja, tundu la pande sita upande wa pili, kipokee ncha za kisasa. Ami alikikubali nusu. Kinarefusha chombo, akasema, na kinayumba. Anakitumia kwa parafujo za nyota tu, zile ambazo Henry F. Phillips wa Marekani alizipatia hataza mwaka 1936, na ambazo yeye hazipendi. Za shaba ana ncha tatu za Mwanakwerekwe, amezifunga katika kipande cha kanga kilicholoweshwa mafuta.

Mchoro wangu kijana aliubandika ukutani, nyuma ya mashine. Inchi amezikata kwa kalamu nyekundu, akaandika 7.9. Mwezi uliopita alinipigia simu: amekuja mzee wa Pemba na Yankee namba 130, ncha zimemwishia, naye anataka kujua ile dada ya mkebeni bado ipo.