Zamu ya Usiku na Kemia ya Asubuhi

Askari yeyote aliyepata kujaribu kusoma huku akiwa kazini ajua kwamba adui wake wa kwanza ni orodha ya zamu. Kitabu humngoja mtu. Mwalimu naye, akiwa mwema, aweza kungoja kidogo. Lakini orodha ya zamu hubandikwa ukutani, nayo haimwulizi mtu kama kesho ana mtihani.

Yuko bibi mmoja katika jimbo la Kansas, nchini Marekani, ambaye amekuwa akipigana na orodha hiyo kwa miaka kadhaa. Alizaliwa Teso, nchini Uganda, binti wa konstebo wa polisi. Ng'ombe wachache wa baba yake walikuwa kijijini, wakitunzwa na nyanya yake, na huko ndiko alikoona ndama wakivimba matezi ya masikio, wakihema, na kufa kwa ndigana kali iletwayo na kupe. Tangu siku zile alitaka kuwa daktari wa mifugo. Lakini katika kidato cha tano alipangiwa masomo ya historia na lugha, na kwa hiyo mlango ukafungwa. Nchini Uganda njia kuu ya kuingia Makerere kusomea udaktari wa mifugo ni kufaulu masomo ya sayansi katika kidato cha sita, kisha kwenda moja kwa moja katika masomo ya miaka 5. Iko pia njia ya diploma, ila nayo huanza na sayansi ile ile.

Alipohamia Marekani alijiunga na jeshi la nchi hiyo mwaka wa 2010, akawekwa katika kazi ya kuwasaidia madaktari wa wanyama. Jeshi hilo lina kikosi chake cha madaktari wa namna hiyo tangu mwaka wa 1916, zama ambazo farasi na nyumbu ndio waliokuwa wakivuta mizinga. Siku hizi wagonjwa wake wakubwa ni mbwa wa doria na wa kunusa mabomu. Alitoka jeshini mwaka wa 2016 akiwa sajenti, akiwa ameolewa na fundi wa magari makubwa, Mganda mwenzake, na akiwa na mtoto mmoja na wa pili njiani. Wakakaa karibu na Fort Riley, kambi ya kale ya wapanda farasi iliyojengwa mwaka wa 1853, kwa sababu katika mji wa Manhattan ulio jirani kuna chuo cha udaktari wa mifugo kilichoanzishwa mwaka wa 1905. Wengine huchagua makao kwa ajili ya hewa au ndugu. Hawa walichagua kwa ajili ya chuo ambacho mama mwenyewe hakuwa bado na haki ya kubisha mlango wake.

Maana huko Marekani masomo ya udaktari wa mifugo ni ya miaka 4, lakini hayaanzii sekondari. Kwanza mtu hudaiwa masomo ya matayarisho katika chuo kikuu au chuo cha wilaya: baiolojia, kemia ya jumla mihula 2, kemia ya kaboni, biokemia, fizikia, elimu ya urithi, elimu ya vijidudu, takwimu, na mengine kadiri ya kila chuo. Hapa pana jambo jema ambalo watu wa kwetu hawalioni upesi. Mtu wa miaka 36 asiyejua hata mizani ya kemia aweza kwenda chuo cha wilaya, akalipa ada ya somo moja, akakaa dawati moja na kijana wa miaka 18, na hakuna atakayemwuliza alisoma nini katika kidato cha tano.

Ubaya ni kwamba masomo hayo hayafanani na viazi vya gunia, ambavyo mtu huchukua chochote mkono ufikapo. Yamefungwa kama mnyororo. Kemia ya kaboni haisomwi kabla ya kumaliza mihula yote 2 ya kemia ya jumla, na biokemia haisomwi kabla ya kemia ya kaboni. Katika vyuo vidogo sehemu ya kwanza ya kemia ya kaboni hutolewa kila Agosti tu. Anayeikosa Agosti hii hangoji mwezi, hungoja mwaka. Kwa hiyo hata mtu asiye na kazi yoyote, aamkaye na kulala na vitabu, hawezi kuupitia mnyororo huo wa kemia pasipo kutumia kama miaka 2.

Bibi huyu anayo kazi. Hukaa katika chumba cha simu na redio cha polisi, ambako watu hupiga simu wakiomba msaada, naye huwatuma askari walio barabarani. Zamu yake huanza saa kumi na mbili ya jioni hata saa kumi na mbili ya asubuhi. Wiki ya kwanza hufanya kazi Jumatatu na Jumanne, hupumzika Jumatano na Alhamisi, kisha hufanya kazi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Wiki ya pili mambo hugeuka: aliyopumzika hufanya kazi, na aliyofanya kazi hupumzika. Hizo ni zamu 7 katika siku 14, yaani saa 42 kwa wiki. Kwa kazi ya polisi ni mpango wa haki, maana kila mtu hupata mwisho wa wiki mmoja katika kila wiki mbili. Kwa mwanafunzi ni balaa.

Tazama mwenyewe. Darasa la jioni la Jumatatu na Jumatano, lililowekwa makusudi kwa ajili ya wafanyakazi, atalikosa mara moja kila wiki, kwa kuwa katika siku hizo mbili daima moja ni ya kazi. Darasa la asubuhi, saa tatu, halikosi kamwe. Lakini Jumatano ya wiki ya kwanza na Jumatatu ya wiki ya pili huingia akiwa ametoka kazini saa tatu tu zilizopita, hajalala. Alichagua la asubuhi. Mwanafunzi mwenye usingizi bado yupo darasani, na katika maabara kuwapo ndiyo nusu ya maksi. Akikosa maabara kupita kiasi kilichowekwa, somo zima huanguka hata kama mitihani ameishinda.

Somo moja lenye maabara lilimdai saa 3 za mafundisho na saa 3 za maabara kila wiki. Nyumbani, walimu husema, kila saa ya mafundisho yataka saa 2 za kusoma. Nayo maabara yataka ripoti. Jumla ni kama saa 14, bila kuhesabu safari. Muhula wa kwanza, Agosti 2021, alichukua masomo mawili.

Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani ulipoanza, na wafaa kuelezwa kwa haki, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa na hoja. Askari wa Marekani aliyemaliza utumishi wake vema husomeshwa na serikali. Desturi hiyo ilianza kwa sheria ya mwaka 1944 iitwayo G.I. Bill, na ile itumikayo kwa askari wa siku hizi ilipitishwa mwaka wa 2008. Hulipa ada yote ya chuo cha serikali, na humpa mwanafunzi posho ya nyumba ikiwa anasoma zaidi ya nusu ya masomo ya kawaida. Lakini hulipa miezi 36 tu. Kwa waliotoka jeshini tangu mwanzo wa mwaka 2013 miezi hiyo haiozi. Mtu aweza kuiweka hata azeeke. Ila ikitumika, haizaliwi tena.

"Mama watoto," mumewe alimwambia usiku mmoja, "fedha ni yako, umeitolea jasho. Acha kazi hii ya usiku. Itumie miezi hiyo sasa, usome mchana kama watu wengine, umalize mapema."

Yeye alichukua penseli. Mwaka mmoja wa masomo ni miezi 9. Miaka 4 ya chuo cha udaktari wa mifugo ni miezi 36 kamili, kana kwamba aliyeitunga sheria alikuwa akimfikiria yeye. Akitumia miaka 2 katika matayarisho, miezi 18 itakwisha, na miaka 2 ya mwisho ya udaktari, iliyo ghali kuliko yote na ambayo mtu hawezi kufanya kazi nyingine, italipwa kwa mkopo. "Baba," akamjibu, "kemia ya chuo cha wilaya naweza kuinunua kwa mshahara. Ule udaktari siwezi. Niache nilipe kidogo kwa kidogo, ile miezi ikae."

Hesabu yake ilikuwa sahihi, na haikuwa na kosa hata la senti. Kilichokosekana katika hesabu ni usingizi. Mwezi wa Novemba, Jumatano moja baada ya maabara, aliketi ndani ya gari katika uwanja wa chuo ili apumzike dakika 10. Aliamka jua likiwa limeinama. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amekaa saa nzima na mwalimu, begi mapajani. Alipoulizwa baba yuko wapi alisema yuko chini ya lori, na alipoulizwa mama yuko wapi alisema yuko kemia.

Siku ile mume hakupiga kelele, na hilo lilimwumiza mke zaidi. Alisema tu kwamba leo gari lilikuwa limesimama. Hapo mume alikuwa na haki kuliko penseli yote.

Basi wakapatana. Somo moja kwa muhula, si mawili. Mume akaomba karakana imwanzishe kazi saa moja baadaye siku mbili za wiki, apeleke watoto. Mke akaapa kutoendesha gari kwenda darasani bila kulala baada ya zamu. Badala yake alitafuta mwenzake wa kubadilishana naye zamu za Jumanne za wiki ya kwanza na Jumapili za mwisho wake, naye akamlipa kwa kumshikia sikukuu. Krismasi mbili mfululizo alizipitisha chumba cha redio. Watoto walifungua zawadi tarehe 26.

Lakini mwendo wa pole nao una gharama yake. Vyuo vingine havipokei somo la sayansi lililosomwa zamani mno; kimoja husema miaka 6, kingine 8, kingine 10. Baiolojia yake aliisoma kambini mwaka wa 2013. Kadiri alivyokuwa akiivuta kemia mbele, baiolojia ilikuwa ikichakaa nyuma yake. Aliamua kuirudia bila kubahatisha, na kuirudia kukamla muhula mwingine. Atakayefuata njia hii yampasa auombe kwanza waraka wa masharti wa chuo akitakacho, ausome hata mstari wa mwisho, ndipo atoe fedha mfukoni.

Akiwa kazini alisoma kwa kadi ndogo, picha ya molekuli upande mmoja na jina lake upande wa pili, katika ile saa ya tisa ya usiku ambapo hata walevi wamelala. Usiku wa kuamkia mtihani wa kemia ya kaboni, mwaka wa 2023, simu ilipigwa: ng'ombe wametoka uani mwa mtu, wako katika barabara kuu. Alimtuma askari kijana, mzaliwa wa mjini, ambaye alifika na taa zinamulika na king'ora kinalia, na ng'ombe wakazidi kutawanyika. Ndipo redio ikamwambia kwa sauti tulivu: zima king'ora, zima taa za juu, shuka, usikimbie. Usisimame mbele yao. Nenda ukae nyuma ya bega la yule anayeongoza. Ukiwa nyuma ya bega atakwenda mbele, ukilipita bega atarudi. Askari akafanya hivyo. Iliwachukua dakika 40, gari moja la mizigo likasimama kungoja, na wote 11 wakarudi uani. Kadi zilikuwa bado juu ya meza kulipokucha. Katika mtihani alipata maksi 61.

Aliumaliza muhula ule kwa alama ya kutosha, si ya kujivunia. Sehemu ya pili aliifanya vizuri zaidi. Ikabaki biokemia, ambayo chuo cha wilaya hakina; ni ya chuo kikuu, mchana, siku tatu kwa wiki, na hakuna kubadilishana zamu kuwezako kuziba siku tatu. Alikwenda kwa mkuu wake, akaweka mezani ratiba ya masomo na orodha ya zamu, moja juu ya nyingine, pamoja na jina la mtu aliyekuwa tayari kuchukua zamu zake za katikati ya wiki ili yeye achukue usiku wa mwisho wa wiki, wote, kwa muhula mzima. Mkuu alizitazama kwa muda. Alisema kwamba katika miaka yake yote hapo hakuna aliyepata kuomba Jumamosi zote. Kisha akatia sahihi.

Sasa imebaki fizikia. Maombi ya vyuo hufungwa mwezi wa Septemba kwa ajili ya masomo yanayoanza Agosti ya mwaka ufuatao, na mtu aruhusiwa kuomba huku somo la mwisho likiendelea, mradi alimalize kabla ya kuingia. Barua za ushahidi anazo, mojawapo ya daktari aliyekuwa mkubwa wake jeshini. Miezi yake 36 iko mahali pake, haijaguswa hata mmoja. Mume amenunua kitabu cha fizikia kilichotumika, nacho humsomea maswali jikoni, akitamka majina ya wataalamu kwa matamshi ya karakana.