Chakula cha Foleni

Ukitaka kumchokoza mwalimu mmoja mstaafu wa Msambweni, mwambie viazi karai vya Ukunda ni vitamu kuliko vya Likoni. Ataweka kikombe chini. Atakwambia vya Ukunda unga wake ni mzito, manjano yamezidi, na ukwaju wake umetiwa maji hadi ukawa kama sharubati. Vya Likoni ndivyo viazi. Mkewe huwa na jibu lake: vya Likoni vilikuwa vitamu kwa sababu aliyevila alikuwa ameshinda na njaa kwenye foleni tangu asubuhi.

Mkewe hakosei sana. Kwa miaka mingi mtu wa Kwale akienda Mombasa tumbo lake lilifuata saa za feri. Mlango wa bahari pale Likoni ni mita 500 hivi tu, lakini feri moja ikiharibika, magari yalijipanga hadi mbali na watu wakashinda hapo. Kandokando ya foleni hiyo kukawa na soko zima: muhogo wa kuchoma, kachri, mayai ya kuchemsha, madafu, maembe mabichi yaliyochanjwa na kutiwa pilipili, mabuyu mekundu ya watoto. Muuzaji hakuwa na haja ya kunadi. Alipita polepole dirisha hadi dirisha, akijua kwamba gari haliendi popote.

Mwalimu anayakumbuka magari kwa jinsi watu walivyokula ndani yake. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu zibebe abiria bila leseni, na katika miaka iliyofuata zile zilizokuwa zikienda Likoni nyingi zilikuwa pikapu zilizofunikwa turubai, zenye mabenchi mawili ya mbao yaliyotazamana. Magoti ya huyu yaligusa ya yule. Katikati palikuwa na kapu la nazi, kuku aliyefungwa miguu, na ndoo ya samaki iliyofunikwa majani. Katika gari la namna hiyo hukuweza kufungua korosho zako ukala peke yako. Ulisema "karibu", kifurushi kikazunguka, na kikirudi kwako kimebaki nusu. Ndio uungwana wenyewe.

Kisha zikaja Nissan, viti vyote vikitazama mbele. Mwaka 2004 sheria za waziri John Michuki zikaleta mshipi wa njano ubavuni, mikanda ya usalama na abiria 14 tu. Hakuna anayelalamikia usalama. Lakini abiria sasa anatazama kisogo cha mwenzake, na korosho anazila kimyakimya kama anayemeza dawa.

Korosho zenyewe zilitoka nyumbani. Mikanju ya Msambweni ilipozaa, akina mama walichoma uani, na mtoto aliyesimama upande wa upepo alijuta. Korosho humwagwa juu ya debe lililotobolewa, moto ukiwaka chini. Maganda yakishika joto hutoa mafuta meusi, mafuta hushika moto, na moshi wake huwasha macho na koo. Mchomaji hukoroga kwa kijiti kirefu, uso ameugeuza kando, kisha hupindua debe ghafla na kuzizima kwa mchanga. Baada ya hapo ni kugonga moja moja, kwa kipimo: ukigonga kwa hasira inavunjika, na iliyovunjika haina bei. Vidole hubaki vyeusi, na mafuta yale yakikugusa kabla hayajaungua sawasawa, ngozi hubambuka.

Zilifungwa kwa karatasi iliyoviringwa ncha. Mara nyingi ilikuwa ya gazeti, lakini madaftari ya shule nayo yalikwenda huko. Siku moja kwenye foleni mwalimu alimaliza korosho zake, akakunjua karatasi na kukuta hesabu za kugawanya, zimesahihishwa kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Mwanafunzi alikuwa amepata nne kwa kumi. Baadaye nailoni ikachukua nafasi ya karatasi, ikapepea kwenye kila kichaka kutoka Tiwi hadi Ramisi. Agosti 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na wauzaji wengi wakarudi kwenye karatasi, sasa ile ya kaki, safi na isiyo na hesabu za mtu.

Malipo nayo yamebadilika. Zamani chenji ilikuwa riadha: feri imefungua, gari linasonga, muuzaji anakimbia ubavuni na sarafu mkononi, na abiria ametoa mkono mzima dirishani. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na leo muuza madafu ameandika namba yake kwenye kipande cha katoni. Mbio zimekwisha, ila sasa kuna kubishana kama ujumbe umeingia au haujaingia.

Kuhusu magari yenyewe, mzee ana dini yake: Peugeot 504. Anaipenda kwa namna ilivyopita juu ya mashimo kama inayoogelea, na kwa kuwa iliunganishwa hapahapa Mombasa. Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, mitumba ya Japani ikaingia kwa wingi bandarini, na 504 zikaanza kupungua barabarani. Bintiye ana Toyota Probox. Hutoa samaki Gazi na Shimoni akawauza Diani, na hana muda wa mashairi ya Peugeot. Anachotaka ni gari lenye nafasi ya kreti za barafu nyuma, na ambalo spea zake zinapatikana Ukunda.

Feri haikuwa chakula na mzaha tu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu zaidi ya 270 wakafa. Tangu siku hiyo mama yake mwalimu hakukubali tena kukaa ndani ya gari wakati wa kuvuka. Alishuka, akasimama karibu na reli na kisomo chake mdomoni, na hakugusa chakula hadi afike ng'ambo.

Mwaka 2024 barabara ya Dongo Kundu, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani, ilikamilika na kuunganishwa na barabara ya Lunga Lunga pale Kibundani. Daraja la Mteza peke yake lina karibu kilomita moja na nusu. Anayekwenda uwanja wa ndege, au kupanda treni Miritini, au kushika njia ya Nairobi, haioni tena Likoni. Anayepeleka mgonjwa hospitali ya Makadara, au anayekwenda sokoni Marikiti, bado feri ni njia yake ya mkato.

Kwa hiyo safari za familia hii sasa zina mjadala kabla ya ufunguo kuwashwa. "Baba, leo tunapita darajani," binti husema. "Haya, mwanangu, twende na daraja lako," mzee hujibu, kisha huomba gari lisimame Ukunda, anunue vilevile viazi anavyovikashifu. Hutiwa kwenye mkebe wenye kifuniko. Wakifika Mteza mvuke umekwisha kuvilegeza, ganda limeachana na kiazi, na ukwaju umemwagika kwenye kiti. Mkewe, nyuma, amekuja na muhogo wake wa kuchoma kutoka nyumbani. Ameupasua ubavu, akaupaka chumvi na pilipili kwa kipande cha ndimu na kuufunga kwa karatasi, na kila safari hajali hata kumuuliza mzee kama atataka kipande. Humkatia tu.