Taa Moja Kwanza

Mwaka 2009, pale Sinza, Dar es Salaam, kutafuta wateja wa kuoshewa magari ilikuwa kazi ya mkono. Nilisimama kando ya barabara na kitambaa chekundu, nikilipungia kila gari lililopunguza mwendo kwenye tuta. Masika hayakuwa na kazi, mvua iliosha bure. Kiangazi nilipata magari, mengi yakiwa teksi, kwa shilingi 3,000. Wengi hawakurudi.

Kwa nini hawakurudi, nilichelewa kujua. Tulioshea maji ya kisima, na visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Gari jeusi likikaukia juani linabaki na madoa meupe ambayo sabuni haiyaondoi. Mteja aliondoka gari likiwa bado bichi, linameremeta. Madoa aliyakuta nyumbani. Nikaanza kununua maji ya boza kwa ajili ya kusuuzia tu, na kulifuta gari lote kabla jua halijaliwahi. Gharama ilipanda, lakini madereva wawili watatu wakawa wanarudi kila Ijumaa. Hao ndio ninaowahesabu kuwa wateja wangu wa kwanza.

Halafu zikaja taa. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yameshatumika miaka kadhaa, na taa zake za mbele ni za plastiki. Jua linazichoma taratibu mpaka zinakuwa za njano kama mafuta ya mawese yaliyoganda, na usiku mwanga hautoki vizuri. Watu walidhani dawa yake ni kununua mpya. Fundi mmoja wa rangi alinifundisha: msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, maji yasikauke hata kidogo, halafu polishi. Mwisho unapaka kinga ya jua, maana ukiiacha hivyo hivyo unjano unarudi baada ya miezi michache.

Siku moja dalali wa magari alileta Corolla ioshwe haraka, mnunuzi alikuwa anakuja jioni.

"Kaka, niruhusu nisugue taa moja," nilimwambia. "Hii hulipi."

Nilichukua karibu nusu saa. Nikamwita asimame mbele ya gari. Akatazama ya kushoto, akatazama ya kulia, akarudi ya kushoto. Ile ya kulia, ambayo asubuhi hakuiona kabisa kuwa na kasoro, sasa ilionekana kama jicho lenye mtoto wa jicho.

"Mdogo wangu, sasa hii nyingine unaniachia hivi hivi?"

Akalipa. Wiki iliyofuata akaniletea magari matatu.

Mwenye gari amelizoea gari lake, haoni tena lilivyochakaa. Dalali hulitazama kwa jicho la mnunuzi, na anajua taa safi zinamwongezea bei. Nikaacha kupunga kitambaa. Nikawa natembea kwa miguu kwenye yadi za magari, moja hadi nyingine, msasa mfukoni, nikiomba taa moja.

Simu janja zilipoenea, picha zikafanya kazi hiyo ya kutembea. Nikisafisha na ndani ya gari, napiga picha ya kiti kabla na baada, namba za gari nimezifunika, naweka kwenye WhatsApp. Lakini kundi lililonifungulia mlango mkubwa sikuwahi kulifikiria: wazazi. Mama mmoja alikuja analalamikia harufu iliyomshinda wiki mbili. Mwanawe alimwaga maziwa kiti cha nyuma. Tulifungua kiti, tukatoa zulia, tukakuta maziwa yamepenya hadi kwenye sponji ya chini. Tulisafisha, tukaanika siku nzima. Jioni aliingia, akafunga milango, akakaa kimya ndani. Aliposhuka aliniomba namba yangu aiweke kwenye kundi la wazazi wa shule ya mwanawe. Usiku ule simu yangu iliishiwa chaji.

Leo nina vijana wanne. Anayeanza kazi simpi mashine. Nampa msasa na ndoo ya maji, namwonyesha gari la mteja aliyekubali lijaribiwe bure, namwambia asugue taa moja, kisha amwite mwenyewe aje asimame mbele.